MBONA MAFUA HURUDI? Kumbukumbu ya Kinga Ndani ya Mapafu

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Makala haya nimeyaandika kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya darasani: mwalimu wetu wa Bayolojia alipotufundisha kinga ya mwili, kengele ililia kabla swali langu halijapata jibu. Ya pili ni ya nyumbani, nayo ndiyo iliyonikalisha maktabani Jumamosi nne mfululizo huku wenzangu wakisakata kandanda uwanjani. Nitaanza na hiyo ya nyumbani, kwa maana ndiyo iliyoizaa ile nyingine.

Likizo ya Aprili nilifika nyumbani nikiwa na mafua. Si mnayajua mafua ya bweni? Huanza na mmoja, kitanda cha pembeni, na wiki ikiisha bweni zima linakohoa usiku kucha kama kwamba tunashindana. Mimi yalinishika siku mbili kabla ya shule kufungwa. Pua ilitiririka, koo likaniwasha, lakini homa sikuwa nayo na chakula nilikula kama kawaida. Mama aliponiuliza mbona macho mekundu nilimjibu, "Ni mafua tu, Mama."

Nyumbani nilimkuta dada yangu mkubwa, aliyekuwa amekuja kupumzika kwetu baada ya kujifungua. Mpwa wangu alikuwa na umri wa wiki saba, na sikuwa nimemwona hata siku moja. Nilimpakata, nikambusu mashavu yote mawili, naye akanikamata kidole. Nyanya alicheka akamwambia, "Huyo ndiye mjomba wako. Mshike, usimwachilie."

Siku ya tano mtoto akaanza kupiga chafya. Siku ya saba alikataa kunyonya. Usiku ule kifua chake kikawa kinabonyea ndani kila akivuta pumzi, pua zinatanuka, na pumzi yenyewe inatoka na sauti kama ya mluzi. Baba alitoka gizani kutafuta gari. Hospitalini mtoto alitiwa mipira ya oksijeni puani na akalazwa siku sita. Daktari alitueleza kwamba kwa dalili zile, na kwa umri ule, aliyeshukiwa zaidi ni kirusi kinachoitwa RSV, ambacho hushambulia njia za pumzi.

Kisha muuguzi akauliza, "Kuna mtu nyumbani aliyekuwa na mafua?" Hakuna aliyejibu. Dada yangu alikuwa anaangalia sakafu. Nikasema, "Ni mimi, Sista." Hakunigombeza. Alisema tu, "Pole, kijana. Wewe ukipata ni pua, yeye akipata ni kifua."

Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini maneno ya yule muuguzi yalinikaa kichwani hadi shule zilipofunguliwa. Kama kirusi ni kimoja, mbona kwangu kiliishia puani na kwa mpwa wangu kikashuka hadi mapafuni? Na kama mimi mwenyewe niliwahi kuugua nilipokuwa mdogo, mbona kilinirudia? Basi majibu niliyoyapata ndiyo haya.

MAPAFU NI NYUMBA ISIYOFUNGWA MLANGO

Kwanza tuyajue mapafu yenyewe. Kwa siku moja mtu mzima huvuta hewa inayokaribia lita 10,000. Hewa hiyo hupita puani, ikateremka katika mrija mkubwa, kisha katika matawi na vijitawi, hadi kwenye vifuko vya hewa ambavyo idadi yake ni kati ya milioni 300 na milioni 500. Ukuta unaotenganisha hewa na damu katika vifuko hivyo ni mwembamba mno, haufiki hata sehemu moja kwa elfu ya milimita. Ni lazima uwe hivyo, la sivyo oksijeni haitapita.

Hapo ndipo penye matata. Ngozi yetu inaweza kujilinda kwa unene, lakini mapafu hayawezi. Tena hewa haiji peke yake. Huja na vumbi, moshi, bakteria na virusi. Na mapafu hayawezi kujazwa askari wakati wote, kwa sababu askari wakijaa, ukuta huvimba, maji huingia katika vifuko, na mtu hushindwa kupumua. Huo ndio ugonjwa tunaouita nimonia, au homa ya mapafu. Kwa hiyo kinga ya mapafu hutakiwa kuwa ya haraka na ya kiasi. Ikichelewa, kirusi huangamiza. Ikipita kiasi, kinga yenyewe huangamiza.

MARA YA KWANZA: VITA NA MGENI ASIYEJULIKANA

Kirusi si kiumbe kinachoweza kuzaana peke yake. Ni lazima kiingie ndani ya chembe hai ya mwili na kuilazimisha imtengenezee nakala zake. Chembe iliyovamiwa hupiga kelele: hutoa kemikali iitwayo interferoni, ambayo huzionya chembe jirani zifunge milango. Papo hapo chembe walaji, ambazo kazi yake ni kumeza takataka za mapafuni, huanza kuvimeza virusi. Ulinzi huu ni mzuri lakini hauchagui. Humkabili kila mgeni kwa namna ile ile.

Wakati huo huo chembe nyingine, tuziite wapelelezi, huchukua vipande vya kirusi na kuvipeleka kwenye tezi za limfu zilizo karibu na mapafu. Huko kuna mamilioni ya chembe nyeupe za aina ya T na za aina ya B. Kila chembe ina kufuli lake, na karibu zote hazifanani. Wapelelezi hutembeza kipande kile mpaka zipatikane zile chache ambazo kufuli zao zinalingana nacho. Hizo chache ndizo zinazoamrishwa kuongezeka: moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane, hadi linapatikana jeshi.

Chembe B hutengeneza kingamwili, yaani vijiprotini vinavyokishika kirusi kikiwa bado nje ya chembe na kukizuia kisiingie. Chembe T ni za namna mbili hasa: kuna za kusaidia, ambazo huwaamrisha wengine, na kuna za kuua, ambazo huitafuta chembe ya mwili iliyokwisha kuvamiwa na kuiangamiza pamoja na virusi vilivyomo ndani yake. Kingamwili hupigana nje ya nyumba. Chembe T za kuua huingia hadi chumbani.

Shida ni moja tu, nayo ni wakati. Kumtafuta askari anayefaa, kumzidisha na kumfikisha mapafuni huchukua siku tano, saba, au zaidi. Siku zote hizo kirusi kinaendelea kuzaana. Askari wakifika wakiwa wengi na wakikuta moto umeshaenea, vita vinakuwa vikali, na kamasi, uvimbe na kikohozi ni vumbi la vita hivyo.

BAADA YA VITA: NANI ANABAKI?

Kirusi kikishashindwa, jeshi kubwa halina kazi tena. Tisa kati ya kila askari kumi, au hata zaidi, hufa. Wanaobaki ndio wanaoitwa chembe za kumbukumbu. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwili nao ni hivyo: ukishaumwa mara moja haungoji kuonyeshwa tena.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba chembe T za kumbukumbu ni za makundi mawili tu. Kundi la kwanza hukaa kwenye tezi za limfu, kama askari walio kambini. Kundi la pili huzunguka na damu, kama polisi wa doria. Lakini tangu mwanzoni mwa karne hii imedhihirika kwamba kuna kundi la tatu, na hilo ndilo kiini cha makala yangu. Hawa hawaendi kambini wala hawafanyi doria. Hubaki palepale vita vilipopiganiwa. Waliopigana mapafuni hubaki mapafuni, wamejishikiza kwenye kuta za njia za hewa kwa protini inayofanya kazi kama kulabu. Mimi nawaita wakaazi.

Chembe B nazo vilevile. Nyingine hubaki mapafuni zikiwa na kumbukumbu. Tena kuna kingamwili za aina mbili za kukumbukwa hapa: zile za aina ya G, ambazo hujaa katika damu na zinaweza kudumu miaka mingi, na zile za aina ya A, ambazo humiminwa katika kamasi za pua na koo, mlangoni kabisa anapoingilia mgeni.

WATAALAMU WALIJUAJE?

Mwalimu wetu hupenda kutuuliza, "Umejuaje?" Basi nami nilijiuliza hivyo hivyo. Utamjuaje mkaazi na utamtofautishaje na mpita njia?

Njia mojawapo iliyotumiwa ni ya kuwaunganisha panya wawili wa maabara kwa ngozi, hata damu yao ikawa inachanganyika. Chembe za doria zilihama kutoka kwa panya huyu hadi kwa huyu, mpaka zikawa karibu nusu kwa nusu. Lakini wakaazi wa mapafuni hawakuhama. Kila panya alibaki na wake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, panya waliopewa chembe za kumbukumbu zilizotoka mapafuni, zikarudi kuishi mapafuni, walikingwa dhidi ya influenza kuliko panya waliopewa chembe zilizotoka kwenye bandama. Kumbe anayeijua nyumba ni anayelala humo.

Kwa binadamu hatuwezi kuunganishwa ngozi, lakini kuna watu ambao hupandikizwa pafu la mtu mwingine. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba chembe T zilizokuja na pafu la mtoaji ziliendelea kuishi humo kwa zaidi ya mwaka mmoja, ilhali katika damu ya yule aliyepokea pafu hazikuonekana kwa wingi namna hiyo.

Na mwaka 2015, wataalamu wa Imperial College, London, walieleza habari za watu wazima waliojitolea kutiwa kirusi cha RSV puani makusudi. Kabla ya hapo walichukuliwa chembe kutoka ndani ya mapafu kwa mrija mwembamba. Wale waliokuwa na wakaazi wengi zaidi wanaokijua kirusi hicho walipata dalili hafifu zaidi na virusi vichache zaidi. Jambo hili lilinigusa, kwa sababu linaeleza kwa nini mimi niliishia kupenga kamasi tu.

KIRUSI KINAPORUDI

Sasa natuseme kirusi kile kile kimerudi. Kikipita mlangoni hukutana kwanza na kingamwili. Zikiwa nyingi na zikilingana nacho, vita vinaishia hapo na mtu hajui hata kama alivamiwa. Kikizipita na kuingia katika chembe za ukuta, wakaazi hukitambua. Hawangoji wapelelezi waende kwenye tezi. Katika muda wa saa chache, wala si siku, huanza kutoa interferoni ya aina yake, inayozipigia mbiu chembe jirani na kuwaita askari wa doria waingie mapafuni upesi. Wengine huanza kuua chembe zilizovamiwa. Wakati ambapo mara ya kwanza mwili ungekuwa bado unamtafuta askari mmoja, mara hii moto umeshamwagiwa maji.

Matokeo yake ni haya: kumbukumbu ya mapafuni aghalabu haikizuii kirusi kuingia puani, bali hukizuia kushuka. Ugonjwa ambao ungekuwa wa kifua unakuwa wa pua. Ndiyo maana ya maneno ya yule muuguzi. Mimi nina wakaazi. Mpwa wangu wa wiki saba alikuwa hana hata mmoja anayekijua kirusi kile.

MBONA BASI HURUDI?

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Tunadhani ukishapona umekingwa milele. Kwa magonjwa mengine ni kweli. Mwaka 1846 daktari wa Denmark, Peter Ludwig Panum, alitumwa katika Visiwa vya Faroe kulikozuka surua. Surua ilikuwa haijaonekana huko tangu mwaka 1781. Aligundua kwamba wazee walioiugua mwaka ule wa 1781 hawakuipata tena, ingawa miaka 65 ilikuwa imepita na visiwa vizima vilikuwa vimelala vitandani. Hiyo ndiyo kumbukumbu!

Mbona basi mafua si hivyo? Nimepata sababu tatu.

Kwanza, virusi vingine hubadilisha kanzu. Influenza huzibadilisha protini zake za nje mara kwa mara, kwa hiyo kingamwili za mwaka juzi humwona kama mgeni. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hupendekeza muundo wa chanjo ya influenza mara mbili kila mwaka, kwa kusini na kwa kaskazini ya dunia. Hata hivyo, protini za ndani za influenza hazibadiliki upesi namna hiyo, na chembe T huzitambua hizo za ndani. Ni kama mwizi aliyebadilisha koti lakini mwendo ni ule ule. Na wakati mwingine koti kuukuu hurudi: influenza mpya ilipoenea duniani mwaka 2009, wazee wengi waliathirika kidogo kuliko vijana kwa kuwa waliwahi kukutana na jamaa zake zamani.

Pili, kuna suala la wakati. Surua huchukua siku kumi hivi au zaidi tangu kuingia hadi kuonyesha dalili, na hupitia katika damu. Hata kumbukumbu iliyo kambini ina muda wa kuamka, kuvaa na kufika. RSV huchukua siku nne hadi sita tu, influenza yapata siku mbili, na vita vyao viko juu juu ya kuta za pua na mapafu. Askari wa kambini akifika, mgeni keshakula keshashiba.

Tatu, kumbukumbu ya mapafuni hufifia. Kingamwili za puani hupungua miezi michache baada ya kupona. Katika panya, wakaazi wa mapafuni wa aina ya kuua hupungua sana kabla hata mwaka haujatimia, ilhali wakaazi wa ngozi hudumu zaidi. Wataalamu wengi huona kwamba hii ndiyo bei ya kuwa na ukuta mwembamba: mapafu hayawezi kuweka jeshi ndani kila siku, maana ni mahali pa kupumulia.

Ushahidi ulionishangaza zaidi ni wa mwaka 1991. Watafiti wa Marekani waliwachukua watu wazima 15 waliokuwa wamepona RSV, wakawatia kirusi cha kundi lile lile tena na tena. Baada ya miezi miwili tu, karibu nusu yao walikuwa wameambukizwa upya. Katika miezi 26, asilimia 73 walikuwa wameambukizwa mara mbili au zaidi. Kirusi hakikubadilisha kanzu. Mlango wenyewe ndio uliosahau.

KUMBUKUMBU ILIYOPOTOKA

Nisije nikawadanganya kwamba kumbukumbu ni nzuri siku zote. Katika miaka ya 1966 na 1967 huko Marekani ilijaribiwa chanjo ya RSV iliyotengenezwa kwa kirusi kilichouawa kwa dawa ya formalini, wakachomwa watoto wachanga. Watoto hao walipokutana na kirusi chenyewe waliugua vibaya kuliko wale ambao hawakuchanjwa kabisa. Katika kundi moja, wanane kati ya kila kumi walioambukizwa walilazwa hospitalini, na watoto wawili walifariki. Baadaye ilieleweka kwamba miili yao ilikuwa imefundishwa somo baya: kingamwili zilikishika kirusi bila kukizuia, na chembe T zikaleta uvimbe badala ya ulinzi.

Msiba huo ulirudisha nyuma chanjo ya RSV kwa miongo mingi. Ni mwaka 2013 ambapo wataalamu wa Marekani walionyesha umbo halisi la protini ambayo kirusi hutumia kabla ya kuingia katika chembe. Kwa kufuata umbo hilo, mwaka 2023 zikaidhinishwa huko chanjo za wazee na chanjo ya akina mama wajawazito. Mama akichanjwa, kingamwili zake za aina ya G hupita kwenye kondo na kumlinda mtoto miezi yake ya mwanzo. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zote kuwakinga watoto wachanga, ama kwa chanjo hiyo ya mama, ama kwa kingamwili anazochomwa mtoto mwenyewe.

NA SISI WANAFUNZI?

Sasa nafika mahali ambapo ilinibidi niweke kalamu chini kwanza.

RSV si mzaha. Inakadiriwa kwamba katika mwaka 2019 iliua watoto zaidi ya laki moja wa chini ya miaka mitano duniani, na karibu wote walikuwa katika nchi zisizo tajiri, kama zetu. Walio hatarini zaidi ni wa chini ya miezi sita. Hawana kumbukumbu yao wenyewe. Wana akiba waliyopewa na mama, nayo hupungua kila mwezi. Na vijitawi vya mapafu yao ni vyembamba, kwa hiyo kamasi kidogo tu hutosha kuviziba.

Nani huwaletea? Swali hilo lilijibiwa papa hapa nchini mwetu. Watafiti walioko Kilifi walizifuata kaya za kijijini katika msimu wa RSV wa mwaka 2009 na 2010, wakizichukua sampuli za pua za watu wote nyumbani mara mbili kila wiki, awe mgonjwa asiwe mgonjwa. Walitaka kujua aliyemwambukiza mtoto mchanga. Mara nyingi jibu lilikuwa ni watoto wakubwa wa nyumba ile, hasa wanaokwenda shule.

Niliisoma sentensi hiyo mara tatu. Wanaokwenda shule. Yaani ni sisi, wenye "mafua tu". Kumbukumbu inayotulinda sisi ndiyo inayotufanya tusijione wagonjwa. Tunatembea, tunacheza, tunabeba watoto, na kirusi tunacho.

Kama ni mimi niliyempa mpwa wangu, siwezi kuapa. Hakuna aliyenipima, na nyumbani walipita wageni wengi kumwona mtoto. Lakini sitajificha nyuma ya "huenda". Nilijua nina mafua, na nilimbusu.

Kwa hiyo nawaombeni mambo manne, nayo hayahitaji pesa. Ukiwa na mafua usimbebe mtoto mchanga wala usimbusu, hata Nyanya akikuambia umbebe, mwambie kwa heshima, "Nyanya, ngoja nipone." Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mtoto, kwani RSV huishi mikononi na juu ya vitu. Fungueni madirisha ya bweni, hata wa karibu na dirisha akilalamika baridi. Na usimkimbilie muuza duka akupe dawa za antibiotiki, maana haziui virusi. Mtoto akikataa kunyonya au kifua kikibonyea, msingoje asubuhi.

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Najua kinga yao ni kijinga cha moto, si hii ya mwili. Lakini mimi naichukua hivi: kinga yangu na kinga yako zikiungana, asiye na kinga naye atapona.

Likizo ya Agosti nilifika nyumbani nikiwa mzima kabisa. Hata hivyo nilikwenda kwanza bombani, nikanawa mikono hadi viwikoni. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Nilipomaliza alinipa mtoto mwenyewe bila kusema neno. Alikuwa amenenepa, mzito kama gunia la viazi, na kidole changu alikikamata vilevile.

MASWALI YA MARUDIO

1. Kwa nini mapafu hayawezi kujilinda kwa unene kama ngozi?
2. Taja makundi matatu ya chembe T za kumbukumbu na mahali kila kundi linapokaa.
3. Eleza tofauti kati ya kazi ya kingamwili na kazi ya chembe T za kuua.
4. Toa sababu tatu zinazofanya mafua yarudi ilhali surua hairudi.
5. Jirani yako ana mtoto wa mwezi mmoja, nawe una "mafua tu". Utafanya nini, na utamweleza nini mama yake?